KUMTAFUTA ALIYEPOTEA NI KULIPA DENI

(Hotuba iliyosomwa na ndugu yetu mmoja mwenye duka, mbele ya mkutano wa tawi, baada ya sala ya laasiri. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa kuwa wengi waliohudhuria wametuomba tuwape maneno yake kwa maandishi.)



Mwenyekiti amenitaka niseme nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za visiwa hivi husemwa kwa sauti ya chini, na mlango ukisha kufungwa. Nalo ni khabari ya jamaa aliyepotea katika Mapinduzi ya mwaka 1964, na njia ya kuitafuta khabari hiyo. Mimi si mwanachuoni wala si mwandishi wa taarikhi. Elimu yangu ni ya chuoni, mbele ya mwalimu na ubao, na baada ya hapo ni elimu ya mizani na daftari. Lakini mwenye duka hujua kuwa hesabu isiyofungwa haifi. Huweza kulala miaka mingi, karatasi zikaliwa na mchwa, aliyekopa na aliyekopesha wote wakafa. Illa deni hubaki deni, mpaka atokee mtu akae kitako alifungue daftari.

Aliyepotea ni deni la namna hiyo, nalo li juu ya shingo zetu sisi tulio hai.

Tuanze na yale yasiyokuwa na shaka. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, ikiwa ni mwezi mmoja na siku mbili tangu uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963, bohari za silaha za polisi Ziwani na Mtoni zilivamiwa, na serikali ikaanguka. Sultani Jamshid aliondoka kwa meli. Sauti ya John Okello, mtu wa Uganda, ikasikika katika radio ikitoa amri na vitisho. Katika siku zilizofuata damu ilimwagika mjini, na zaidi mashamba, na wengi katika waliouawa walikuwa wenye maduka madogo ya vijijini waliotoka Arabuni, wale tuliokuwa tukiwaita Wamanga. Wengine walikusanywa Raha Leo, wengine wakatiwa kizuizini, wengine wakapakiwa vyomboni wakapelekwa Arabuni. Waliokufa ni wangapi? Wako wanaotaja mamia, na wako wanaotaja maelfu mengi. Serikali ya kikoloni ilipohesabu watu wa Unguja na Pemba mwaka 1958 ilipata watu 299,111, hata mtoto wa kunyonya akatiwa hesabuni. Waliokufa miaka sita baadaye hawakupata karani wa kuwahesabu.

Wala sisemi kuwa mambo haya yalishuka kutoka mbinguni bila ya sababu. Utumwa ulikuwa halali katika visiwa hivi mpaka mwaka 1897, na wajukuu wa watumwa hawakusahau. Katika ghasia za Juni 1961 walikufa watu 68, wengi wao Waarabu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama kilichopata kura 54 katika kila 100 kilipata viti 13 tu katika 31, na wafuasi wake wakaona wamedhulumiwa. Haya yote yana mahali pake, na wenye elimu wayapime. Lakini sababu ya jambo ni kitu kimoja, na kaburi la mtu ni kitu kingine. Mtu akiuliza, "Yuko wapi baba yangu?" hajibiwi kwa kutajiwa hesabu ya kura.

Sasa nitasema ya kwetu, kwa kuwa ndiyo niyajuayo.

Babu yangu alikuwa na mdogo wake aliyekuja na jahazi la kaskazi akiwa kijana. Alifungua duka katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Unguja, akiuza mchele, sukari, mafuta ya taa, kanga na papa mkavu, na akinunua mbata kwa wenye minazi. Akaoa hapo hapo kijijini, akazaa watoto wawili. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu wajukuu wa pande zote wangali wakiishi humo na wakisali msikiti mmoja. Tangu Mapinduzi mtu huyo hakuonekana tena. Mkewe na watoto walitufikia Pemba wakiwa na nguo za mwilini tu.

Sharia yetu ina jina kwa mtu wa namna hii. Humwita mafkudi, yaani aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Kwa kauli ya mwisho ya Imamu Shafi, mali yake haigawanywi, na mkewe hubaki mke wake, mpaka ipatikane yakini ya kufa kwake, au upite muda ambao mfano wake hawezi kuwa hai na kadhi ahukumu hivyo. Iko kauli ya zamani ya Imamu, nayo ni madhehebu ya Malik, kuwa mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru. Bibi yetu aliijua ruhusa hiyo na hakuitaka. Kwake yeye, kwenda kwa kadhi ilikuwa ni kumwua mumewe kwa kalamu. Basi alingoja miaka 34. Hakuwa mjane wala hakuwa mwenye mume, na amekufa mwaka 1998 katika hali hiyo.

Aliyenituma mimi kutafuta ni bintiye, shangazi yangu, alipokuwa mgonjwa. Aliniambia: "Mwanangu, kila baada ya sala mimi humwombea baba. Nami sijui nimwombee kama aombewavyo maiti au kama aombewavyo msafiri." Neno hilo lilinitoa usingizi. Mtu amefika uzeeni, na bado hajui aikamilishe vipi dua ya baba yake.

Nilianza nyumbani. Katika ukoo wetu kulikuwa na khabari tatu. Ya kwanza, kuwa siku ya tatu ya Mapinduzi alipanda jahazi akaenda Sur, na huko akaoa tena. Ya pili, kuwa alionekana Mombasa akiuza kahawa. Ya tatu, kuwa aliuawa pale pale kijijini. Nikafanya kama wafanyavyo wanavyuoni wa Hadithi, kila khabari nikaiuliza sanadi yake: umeisikia kwa nani, naye aliisikia kwa nani, na wa mwisho wao aliona kwa macho au alisikia?

Ile ya Sur ilikatika mapema. Aliyeisema aliisikia sokoni kwa mtu asiyemjua. Na juu ya hayo, upepo wenyewe uliikadhibisha. Januari ni msimu wa kaskazi, na kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, haiyarudishi. Yanayokwenda Arabuni hungoja kusi, miezi kadhaa baadaye. Ni kweli kuwa watu wengi walipelekwa Arabuni mwaka ule, lakini jahazi la kwenda Sur siku ya tatu ya Mapinduzi halikuwa na upepo wa kulipeleka. Niliwaandikia jamaa zetu wa Oman, na hakuna aliyewahi kumpokea. Ile ya Mombasa nayo ilikuwa ya mtu mwingine mwenye jina kama lake. Ikabaki ya tatu, ile ambayo hakuna aliyetaka iwe ndiyo ya kweli.

Hapa niwape faida moja vijana mtakaotafuta. Mzee msimwulize Januari ilikuwaje. Wazee wetu wa mashamba hawakuihesabu miaka yao kwa Januari. Mwulizeni: ilikuwa karibu na mwezi gani? Mapinduzi yaliingia mwishoni mwa Shaabani 1383, na Ramadhani ilikuwa haijafika ila kwa siku chache. Mzee ambaye hajui tarehe hukwambia, "Ilikuwa kabla ya kufunga," au "Tulikuwa tumekwisha kufunga kumi la kwanza," na mara unaijua siku yenyewe.

Kisha nilikwenda kwenye karatasi. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, na humo mna kumbukumbu za mirathi na za wakfu za zamani. Mirathi ya babu yangu mdogo sikuiona, na kutokuiona nako ni khabari, maana ni dalili kuwa hakuna aliyemwandikia kufa. Wenye uwezo wa kuandika barua mbali wajue kuwa mafaili ya Kiingereza ya miaka hiyo yako katika nyaraka za Kew, karibu na London, na kuwa Msalaba Mwekundu una ofisi Geneva ambayo kazi yake ni kutafuta watu waliopotea katika vita na machafuko. Iko na filamu ya Wataliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iitwayo Africa Addio, iliyotolewa mwaka 1966, ambayo inaonyesha picha za Unguja zilizopigwa kutoka angani mwezi ule ule. Filamu hiyo imelaumiwa sana kwa namna inavyomdhalilisha Mwafrika, basi mwenye kuitazama na aitazame kwa tahadhari. Na picha ya angani haina jina la mtu. Kilicho bora kuliko hiyo ni midomo ya watu. Mwaka 2010 Dakta Harith Ghassany alitoa kitabu chake Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, na ndani yake wamo wazee waliokuwa kimya zaidi ya miaka 40, kisha wakasema. Mtu akubaliane na hoja za kitabu au asikubaliane, hilo limethibitisha kuwa kimya cha wazee si cha milele.

Mwisho nilikwenda kijijini kwenyewe. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilinunua nazi nikarudi. Mara ya pili nilikaa barazani nikanywa kahawa, wala sikutoa kalamu. Sikuuliza nani aliua, niliuliza, "Duka la Mmanga lilikuwa wapi?" Mzee mmoja akaninyoshea kidole. Mwingine akasema pipi zilikuwa katika chupa upande wa kushoto. Watu wakaanza kukumbuka bei ya sukari. Mara ya tatu niliitwa na bibi mmoja mkongwe, akaniingiza ndani, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikamwambia. Akalia kwanza, kisha akasema.

Alisema kuwa Jumatatu asubuhi walikuja watu wenye mapanga na bunduki. Wengi walikuwa wageni, na wachache ni wa pale. Walimtoa dukani yeye na wenzake wawili, wakawapeleka upande wa barabara, na huko ndiko walikouawa. Mume wa bibi huyo alikuwa mchukuzi wa nazi, maskini, na daima alikuwa na deni dukani. Yeye ndiye aliyewachukua mke na watoto, akawavisha nguo za kijijini, akawaficha siku nne katika banda la mbata. Na usiku wa Jumatatu ile yeye na ndugu yake walikwenda na majembe wakawazika wale watatu chini ya mfenesi, wakawaelekeza kibla. Hawakuweza kuwakosha. Sanda yao ilikuwa shuka aliyoichukua kutoka katika duka lililokwisha kuvunjwa. Hakumwambia mtu ila mkewe, na akamwusia asiseme mpaka aje mwenye kuuliza. Yeye mwenyewe alikufa bila ya kuulizwa.

Bibi yule alinambia mambo mawili zaidi. La kwanza, kuwa anamjua mmoja katika waliomtoa babu yangu dukani, na kama nataka atanitajia. Nilimwambia asinitajie. Wako watakaosema sikufanya vyema, na hoja yao ina uzito, maana mwenye haki ana hiari ya kuidai au kuisamehe, na mwengine aliyepotelewa ana hiari yake. Mimi nilitumwa kuleta jibu la dua, na jibu nilikuwa nimekwisha kulipata. La pili, alisema mumewe alikufa na deni la pishi mbili za mchele na debe la mafuta ya taa, na anaomba radhi kwa wenyewe. Nilimfikishia shangazi maneno hayo. Akanyamaza kitambo, akasema, "Aliyemzika baba yangu, mimi ndiye ninayewiwa naye."

Tukapeleka ushahidi kwa kadhi, ikaandikwa kuwa mtu huyu amefariki. Tukamsalia, miaka mingi baada ya kuzikwa kwake. Mali haikuwapo ya kurithi. Duka liliporwa na mabati yake yakaezuliwa. Lakini shangazi yangu sasa anajua aombe vipi.

Ndugu zangu, mtu asije akasema kuwa haya ni ya kabila moja. Abdulla Kassim Hanga alikuwa katika wakubwa wa Mapinduzi, akawa Waziri Mkuu katika serikali ya mwaka 1964. Othman Sharif alikuwa waziri, kisha balozi. Wote wawili walirudishwa Unguja kutoka bara mwaka 1969, wakauawa, na makaburi yao hayajulikani mpaka leo. Basi mtoto wa Mmanga aliyeuawa mwaka 1964 na mtoto wa mwanamapinduzi aliyepotezwa mwaka 1969 wanauliza suali moja, na wote wawili hawajajibiwa.

Wala si sisi peke yetu. Wahabeshi walimpindua Mfalme Haile Selassie mwaka 1974, akafa kifungoni mwaka 1975, na mifupa yake ikaonekana mwaka 1992 chini ya sakafu ya jumba lake. Mwaka 2000 akazikwa kanisani kama wazikwavyo watu. Huko Hungaria, Imre Nagy, aliyeongoza serikali wakati watu walipoinuka mwaka 1956, alinyongwa tarehe 16 Juni 1958 akafukiwa bila ya alama. Tarehe 16 Juni 1989 akazikwa upya mbele ya umati mkubwa. Kote huko ardhi ilifukuliwa na nchi haikuangamia.

Najua kuna wanaotuambia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema. Lakini mganga hugangaje asipoonyeshwa jeraha liko wapi? Na wazee hao hao wametuambia pia: mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2024 Mapinduzi yalitimia miaka 60, na kila Januari wanakumbukwa walioyafanya. Sioni kosa mtu kukumbuka wake. Naomba na wengine waruhusiwe kukumbuka wao.

Kwa hivyo nawausia mambo matano.

Kwanza, ulizeni sasa. Mtoto wa miaka kumi wakati ule leo amepindukia sabini, na aliyekuwa mtu mzima amekwisha kuwa mkongwe au amekwisha kututoka. Kila jeneza litokalo msikitini huenda likaondoka na daftari zima.

Pili, andikeni: jina la mtu, jina la baba yake, mahali, siku, na aliyeisimulia khabari, na yeye aliipata kwa nani. Khabari isiyo na sanadi iandikwe kuwa haina sanadi.

Tatu, msimtaje mtu kwa uovu kwa maneno ya barazani. Kumsingizia aliye hai hakumfufui aliyekufa.

Nne, nanyi ambao wazee wenu waliwaficha watu, au waliwazika watu, semeni. Wema wao nao umepotea pamoja na maiti, na ni haki ya wajukuu wetu kujua kuwa usiku ule kulikuwa na watu wa namna hiyo.

Tano, tunaiomba Serikali ifungue daftari moja, mahali pa wazi, ambapo kila ukoo utaandika jina la mtu wake aliyepotea, bila ya kuulizwa kabila wala chama. Na kumbukumbu zilizofungwa zifunguliwe kwa wenye damu yao. Sidai shamba wala sidai fidia. Nadai jina liandikwe.

Sote tulisoma chuoni kisa cha Qabil na Habil. Qabil alipomwua nduguye hakujua la kufanya na maiti, akapelekewa kunguru akichimba ardhi, akajifunza kwake kuzika. Mchukuzi wa nazi wa kijiji kile hakuua mtu, wala hakungoja kufundishwa na ndege; alichukua jembe usiku akaenda. Sisi hatuna la kuhatarisha kama alivyohatarisha yeye. Tuna la kuuliza tu, nalo linatushinda.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wote, na awape subira wanaongoja. Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.